Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Jiji la Dodoma: Tuonyesheni Mlima Mlimwa Unaanzia Wapi

Kwa: Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma, Mstahiki Meya na Waheshimiwa Madiwani.
Nakala: Mkuu wa Mkoa, Waziri mwenye dhamana ya ardhi, Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), Baraza la Mazingira (NEMC).

YAH: OMBI LA KUPIMWA NA KUTANGAZWA KWA MLIMA MLIMWA NA VILIMA VYA JIJI KUWA MAENEO YA WAZI YA UMMA

Waheshimiwa,

Poleni na majukumu. Ombi langu nalitaja mapema ili hata anayesoma kwa haraka asilikose. Pimeni Mlima Mlimwa, uwekewe mpaka unaoonekana ardhini na kwenye ramani. Utangazwe kwenye Gazeti la Serikali kuwa ardhi ya umma isiyogawiwa viwanja, na wananchi waachiwe njia za kuupanda kwa miguu bila malipo. Mkishamaliza hapo, vilima vingine vinavyolizunguka jiji vifuate.

Naandika sasa kwa sababu ya kasi ya mji. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 410,956 katika iliyokuwa Manispaa ya Dodoma. Sensa ya 2022 ikawakuta 765,179. Katikati ya sensa hizo Serikali ilianza kuhamia hapa mwaka 2016, CDA, iliyokuwa mamlaka ya kuustawisha mji huu wa makao makuu, ikavunjwa 2017 na kazi zake zikakabidhiwa kwenu, na tarehe 26 Aprili 2018 tukatangazwa kuwa jiji. Haya yote ni mema na tuliyasubiri tangu uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa. Lakini ardhi tambarare ya karibu na mjini inapoisha, macho yanapanda juu. Mmoja anajenga pale mteremko unapoanza. Jirani yake anajenga mita chache juu zaidi, katikati ya mawe, na anayefuata anapanda tena. Hakuna hata mmoja anayejiona amevamia mlima, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha mlima unaanzia wapi. Kama mpaka upo kwenye mafaili, sisi tunaoishi chini yake hatuuoni. Bikoni za mpaka hatuzioni, kibao hakipo, na mwenyekiti wa mtaa akiulizwa anaonyesha kwa mkono tu, "kuanzia pale kwenye mawe."

Ninyi mlima huu mnaufahamu, ila barua hii itasomwa na wengi, kwa hiyo naomba niueleze kidogo.

Dodoma imekaa kwenye uwanda ulio kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari. Uwanda huo ungekuwa tambarare tupu kama si vilima vya mawe vinavyochomoza hapa na pale. Mlimwa ni mmoja wao, upande wa kaskazini wa katikati ya mji, na mitaa iliyo chini yake imechukua jina lake. Si mlima mrefu. Mtu mwenye afya ya kawaida anafika juu na kurudi kabla jua halijawa kali. Lakini ukiwa juu jiji lote linakuwa mbele yako, na reli imelikata katikati. Kwa mbali kuna vilima vilivyokibeba Chuo Kikuu cha Dodoma tangu 2007, na baada ya hapo ni nyika mpaka macho yachoke.

Mawe yake ni graniti. Dodoma iko juu ya kipande cha kale mno cha ganda la dunia, ambacho wanajiolojia wanakiita Kratoni ya Tanzania, chenye miamba iliyopita miaka bilioni 2.5. Yale mawe makubwa ya mviringo, yaliyopandana mpaka mtoto anauliza nani aliyapanga, hayakurushwa na volkano. Uji wa moto ulipoa taratibu ndani kabisa ya ardhi, ukawa mwamba wenye nyufa zinazokatana. Maji ya mvua yaliyopenya udongoni yakafuata nyufa hizo, yakauozesha mwamba kandokando yake ukawa mchanga, na katikati kikabaki kiini kigumu. Udongo uliposombwa, kwa muda mrefu kuliko tunavyoweza kuuwaza, viini vikaachwa juu ya ardhi. Ndiyo mawe tunayoyakalia leo. Jiwe lililoegemea jingine limekaa hivyo kwa sababu ya mchanga na mawe madogo yaliyo chini yake. Anayechimba msingi wa nyumba hapo anaondoa kilicholishikilia.

Sasa nije kwenye maji, na hapa naomba msome taratibu.

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka. Mara nyingi inashuka kwa kishindo, saa moja ya mvua kubwa, kisha siku nyingi za jua. Mwamba hauinywi mvua hiyo. Maji yote yanateremka mpaka mguuni mwa mlima, na ni ule ukanda wa mchanga na changarawe unaouzunguka mlima ndio unaoyapokea na kuyazamisha ardhini. Watu wakisema "tuhifadhi mlima" wanawaza kilele. Kilele kinajilinda chenyewe kwa ugumu wake, hata nondo inagoma. Kinachotaka ulinzi wa sheria ni mguu wa mlima, na mguu ndio unaoanza kukatwa viwanja, kwa kuwa unafikika kwa gari na unachimbika kwa jembe. Kwa hiyo mpaka ninaouomba usipite pale mawe yanapoanza. Ushuke uuchukue na ukanda wa mchanga. Mkiweka bikoni kwenye mawe mtakuwa mmelinda picha ya mlima na kuiacha kazi yake nje.

Ukanda huo ukishafunikwa kwa saruji na paa za bati, maji yanakosa pa kuingia na yanakimbilia makorongo. Kinachofuata mnakilipia kila mwaka. Makalavati yanang'oka, barabara za mitaa zinachimbika, na mifereji inajaa mchanga ambao wiki iliyopita ulikuwa mlimani. Sehemu kubwa ya maji ya mji inaishia mto Kinyasungwe Mdogo, na Bwawa la Hombolo, lililojengwa 1957, limekuwa likiupokea udongo huo mvua hadi mvua.

Sisemi kwamba Mlimwa ndio unaovijaza visima vya Mzakwe tunavyovitegemea. Bonde la Makutupora, viliko visima hivyo, liko kaskazini na lina milima yake. Lakini kanuni ni ile ile, na Makutupora ndiko ilikothibitishwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliotumia vipimo vya miaka 55 vya kina cha maji chini ya ardhi katika bonde hilo, ulionyesha kwamba maji hayo hayajazwi kidogokidogo kila mwaka. Yanajazwa na misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, na msimu wa El Niño wa 1997/98 ndio uliojaza kuliko yote. Maana yake ni kwamba Dodoma inaishi kwa maji ya mvua ya siku chache ndani ya miaka mingi. Siku hizo zikifika, kila kipande cha ardhi kinachoweza kunywa maji kiwe wazi. Tukishajenga juu yake, mvua ijayo ya namna hiyo itatupita barabarani ikiwa mafuriko.

Ushahidi wa gharama ya kuchelewa si wa kuutafuta mbali. Mwanza ni mji mzuri, lakini vilima vyake vya mawe vilijaa nyumba kabla ya mipango kufika. Huko maji safi hupanda kwa shida, gari la kunyonya choo halifiki, na mgonjwa hushushwa kwa mikono. Kuna urasimishaji uliofanyika na nawapongeza waliouhangaikia, ila kurasimisha nyumba juu ya mawe ni ghali kuliko kuweka bikoni mapema. Na kwa jirani zetu wa Manyara, tarehe 3 Desemba 2023, maporomoko ya matope kutoka Mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80. Hanang ni mlima wa volkano na Mlimwa si hivyo, wala simtishi mtu. Lakini wote tuliona jinsi maji yanavyorudia njia zake za zamani bila kujali nani amejenga hapo.

Historia ya eneo letu nayo inadai heshima kwa vilima. Kabla ya reli, misafara kati ya pwani na Tabora ilikatiza Ugogo, na viongozi wa Kigogo waliitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa sababu walikuwa na kitu kimoja ambacho mpita njia hakuweza kukikosa, yaani maji katika nchi kame. Mlima na korongo vilikuwa alama za mipaka kati ya nchi ya mtemi mmoja na mwingine, na mtemi ndiye aliyebeba dhamana ya mvua kwa niaba ya watu wake. Wajerumani walileta reli, ikafika hapa 1910, na mji ukakua ukiitazama. Kisha ukaja uamuzi wa 1973 na Mpango Kabambe wa 1976 uliochorwa na washauri kutoka Kanada. Mpango ule haukutaka makao makuu ya majengo ya fahari. Ulitaka mji wa mtu anayetembea kwa miguu na kupanda basi, wenye nafasi za kijani kati ya makazi. Mengi yamebadilika tangu hapo na si lazima kila mstari wa 1976 ufuatwe. Lakini wazo la mji unaotembeka kwa miguu lilikuwa zuri, na Mlimwa ni mahali ambapo wazo hilo bado linaishi bila bajeti yoyote.

Njooni alfajiri ya Jumamosi mjionee. Vikundi vya jogingi vinapita chini yake vikiimba. Wanafunzi wanapanda kupiga picha na kupumua baada ya mitihani. Wapo wanaokwenda kuomba, mmoja mmoja au kikundi kizima, na sauti zao zinasikika kutoka nyuma ya mawe kabla hujawaona. Watoto wa mitaa ya chini wanajua mawe ya kuteleza na yasiyoteleza kuliko mtu mzima yeyote. Wakati wa mvua wapo kina mama wanaochuma mlenda vichakani. Wazee ambao daktari amewaambia watembee wanatembea hapo. Pimbi wanaota jua juu ya mawe na wakiona mtu wanazama kwenye nyufa. Jiji lina Nyerere Square na Chinangali, na ni mahali pazuri pa kukaa, lakini hakuna bustani ya tambarare inayoweza kumpa mtoto wa Dodoma nafasi ya kuuona mji wake wote kwa mara moja.

Matumizi hayo yana madhara yake na sitayaficha. Kila mtu akijikatia njia yake, mvua inazigeuza njia hizo kuwa vijikorongo. Chupa zinavunjwa juu ya mawe. Majina yanaandikwa kwa rangi, na hili linaniuma zaidi, kwa sababu mkoa huu huu una michoro ya miambani ya Kondoa iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Watu waliotutangulia walijua kuuheshimu uso wa jiwe. Jioni kuna vibaka, na dada zetu wengi wameacha kupanda kwa sababu hiyo.

Tiba yake si geti. Chagueni njia chache zinazofaa. Mawe ya palepale yapangwe ngazi sehemu zenye mteremko mkali, na yawekwe matuta madogo ya kuyatoa maji njiani kabla hayajapata nguvu. Njia nyingine zifungwe kwa matawi ya miiba ili zipone. Chini pawe na vyoo, pipa la taka linalozolewa, na kibao chenye ramani na tahadhari za nyuki, nyoka na radi. Wawepo vijana wa mtaa waliopewa mafunzo na vitambulisho, wa kulinda na kuwaongoza wageni watakaotaka. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, mtu wa Dar es Salaam anaweza kuja mwisho wa wiki bila kuchoka. Akiwauliza wenyeji aone nini, tuwe na jibu. Hoteli ya kileleni hapana. Barabara ya magari hapana. Na kiingilio hapana, hata cha shilingi mia tano, kwa kuwa wa kwanza kukikosa atakuwa mtoto wa pale chini ambaye mlima huu ndio uwanja wake.

Najua pia suala la usalama. Makazi ya Waziri Mkuu yako Mlimwa, na kwenye vilima hujengwa minara ya mawasiliano. Hakuna raia mwema atakayelalamika akiambiwa kwamba upande fulani haupitiki. Tunachoomba ni kuambiwa waziwazi, kwa kibao na ramani, ili upande uliobaki ujulikane kuwa ni wetu. Pasipo tangazo, mtu yeyote mwenye ukuta anaweza kuziba njia akasema ameagizwa. Imeshatokea kwetu kukuta njia ya miaka mingi imezibwa na matofali, na tulipouliza hatukupata mtu wa kutujibu.

Sheria mnayo tayari. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kifungu cha 7, inazungumzia ardhi hatarishi. Ndani yake imo ardhi yenye mteremko unaozidi kiwango kitakachowekwa na Waziri kwa ushauri wa kitaalamu, na ardhi ambayo mamlaka husika imeona isiendelezwe kwa sababu ya udhaifu wake au umuhimu wake kwa mazingira. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inawapa nguvu ya kupanga matumizi ya kila kipande cha jiji. Kwa hiyo sijaja kuomba sheria mpya, naomba hizi zilizopo zifike mlimani.

Lipo kundi moja ambalo halitajwi kwenye mikutano ya mazingira isipokuwa kama wahalifu, nalo ni wanaogonga kokoto. Wengi ni kina mama. Wanakaa juani na nyundo, watoto wakiwa pembeni, na kokoto zao ziko kwenye misingi ya nyumba nyingi za mji huu. Nataka uchimbaji wa mawe ukome kwenye vilima vya ndani ya jiji, na nataka wao wasiwe wa kwanza kuumizwa. Halmashauri kwa mujibu wa sheria hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Waandikishwe vikundi, wapewe kipaumbele kwenye fungu hilo, watengewe eneo la machimbo nje ya mji lenye leseni halali, na wanaotaka kubaki mlimani waajiriwe kupanga ngazi na matuta. Hakuna mtu anayelijua jiwe la Dodoma kama wao.

Mkoa huu uliwahi kujifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Kondoa iliharibika kwa makorongo hadi ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973. Walichimba makinga maji na kupanda miti, lakini badiliko kubwa lilikuja 1979, mifugo ilipoondolewa katika eneo lililoathirika zaidi. Nyasi na vichaka vilirudi vyenyewe. Ardhi ilihitaji kupumzishwa kuliko ilivyohitaji miche. Lakini familia zilipoteza maziwa, mbolea na heshima inayokuja na ng'ombe, na ufugaji wa ndani ulikuja baadaye, watu wakiwa wameshaumia. Mlimwa ni mdogo kiasi kwamba tunaweza kuyafanya yote mawili kwa pamoja, kuupumzisha mlima na kuwashika mkono wanaoutegemea.

Kwa sababu hiyo hiyo nawasihi msituletee siku ya kupanda miti mlimani. Kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani ilizinduliwa 2017 na imefanya kazi njema barabarani na kwenye taasisi, mahali penye mtu wa kumwagilia. Mlimani hakuna bomba. Mche unaopandwa Januari unakutana na kiangazi cha miezi saba, na mashimo yaliyochimbwa yanabaki kuwa vianzio vya makorongo. Vijiji vya mkoa huu vinafanya jambo bora zaidi kwa mpango wa Kisiki Hai. Kisiki ambacho mizizi yake bado iko hai kinachaguliwa machipukizi machache yenye nguvu, mengine yanapogolewa, na mti unarudi haraka kwa sababu mizizi yake ilishayafikia maji zamani. Mlimwa umejaa visiki vya namna hiyo vilivyokatwa kwa kuni na mkaa. Vinahitaji panga la kupogolea, alama ya kitambaa, na mbuzi wasifike kwa misimu michache. Shule za jirani zinaweza kuifanya kazi hiyo ndani ya mwezi mmoja, na watoto wakaona matokeo kabla hawajamaliza darasa la saba.

Hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Itisheni mkutano wa hadhara wa mitaa yote inayopakana na mlima, kabla ya mvua za Desemba, mje na ramani ya sasa ya umilikishwaji ili kila mtu aone nini kimeshagawiwa na nini hakijagawiwa. Viwanja vyenye hati halali vizungumzwe kwa fidia au kwa kubadilishana, palepale mbele ya wenye navyo. Wakati mazungumzo hayo yanaendelea, simamisheni utoaji wa viwanja na vibali vipya vya ujenzi kwenye mteremko na kwenye ukanda wa mchanga unaouzunguka. Kisha wapimaji watembee mguu wa mlima mzima pamoja na wenyeviti wa mitaa na wakazi watakaojitolea. Mimi nitakuwepo, na majirani niliozungumza nao wamesema watakuja na majembe ya kufukia bikoni.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mkazi wa Area D, Dodoma